Kabla hujasema ni mzimu: kutatua matukio ya usiku mjini Goma

Vijana wanaotaka kuanza kazi hii ya kuchunguza nyumba zinazodaiwa kuwa na mizimu huja na maswali ya vifaa. Kifaa gani hulia mzimu ukikaribia? Programu gani ya simu ni nzuri? Mimi huwauliza swali lingine kwanza: kuku wa nyumba hiyo ni wazima?

Nimeitwa kwenye nyumba zenye "kitu" kwa miaka tisa sasa, kuanzia Birere hadi barabara ya Sake, na naiheshimu kazi hii. Mtu anayeogopa kulala ndani ya nyumba yake anahitaji mwenzake wa kukesha naye usiku mmoja na kumsikiliza bila kumcheka. Lakini Goma, mashariki mwa Kongo, si mji kama mingine. Tumejenga juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo, kando ya Ziwa Kivu lenye gesi, ndani ya bonde la ufa ambako ardhi hutikisika. Hapa hewa yenyewe inaweza kumuua mtu usingizini na asikutwe na jeraha. Ukikosea ukasema ni mzimu, familia itafanya maombi, kisha itarudi kulala palepale.

Kosa la pili ni baya vilevile. Familia ikishaambiwa ni mzimu, huanza kuuliza ni nani ameutuma, na jibu halikawii: bibi anayeishi peke yake nyuma ya parseli (kiwanja), au mtoto yatima anayeweweseka usiku. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto, kifungu cha 160, inamwadhibu anayemshutumu mtoto kwa uchawi. Ukisikia jina la mtu likitajwa sebuleni, weka kamera chini. Hilo ndilo jambo la dharura usiku huo.

Basi tuchukue malalamiko jinsi yanavyotufikia, moja baada ya jingine. Nayapanga kwa hatari yake, siyo kwa jinsi yanavyosisimua.

Taa inazimika yenyewe, wanyama wadogo wanakufa, mtu anaishiwa pumzi akiinama

Tuliitwa mtaani Keshero na mama mmoja mjane. Kuku wake walikuwa wanakufa usiku kwenye kibanda nyuma ya nyumba, hawana damu wala dalili ya kuumwa na mnyama. Baadaye akafa mtoto wa mbuzi. Kisha mjukuu wake wa miaka minne alianguka alfajiri akienda kuokota mpira, akanyanyuliwa akiwa amelegea. "Mwanangu," aliniambia, "huyu anachukua wadogo kwanza."

Maneno hayo yalinisimamisha. Kibanda kilikuwa kwenye bonde dogo kati ya mawe ya lava, chini ya usawa wa uwanja kwa kama mita moja. Nilisimama juu ukingoni, nikafunga kibatari kwenye mti mrefu na kukiteremsha polepole. Kilipofika kwenye kimo cha goti la mtu aliyesimama mle bondeni, mwali ulipungua, ukawa mdogo kama punje ya mahindi, ukazimika. Moshi wa utambi haukupanda. Ulitanda palepale, bapa, kama kitambaa kilichowekwa juu ya maji. Tulikuwa tunauona uso wa kitu ambacho macho hayawezi kukiona.

Hayo ndiyo mazuku. Ni kaboni dioksidi inayopanda kutoka chini ya volkano kupitia nyufa za lava. Uzito wake ni kama mara moja na nusu ya uzito wa hewa, kwa hiyo hujikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Jua likipanda na upepo ukianza, hutawanyika. Sasa angalia jinsi inavyofanana na simulizi za mizimu: huja usiku, huondoka asubuhi, hukaa mahali pamoja, humaliza wafupi kabla ya warefu, na hauachi alama. Anayefahamu mambo haya hawezi kumlaumu yule mama.

Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Mugunga, Bulengo na Lac Vert, hili liwe wazo lako la kwanza kila mara. Usishuke kwenye shimo au bonde usiku ili "kuhisi uwepo". Usiiname kupiga picha chini. Ukiona mwenzako ameanguka ndani ya bonde, usimfuate kwa miguu yako. Wengi waliokufa kwenye mazuku walikuwa waokoaji. Mvute kwa kamba au ita watu wenye vifaa. Na kibatari kisikudanganye: kuwaka kwake hakumaanishi hewa ni salama, kwa sababu binadamu anaanza kudhurika kabla mwali haujazimika. Kikizimika, ondokeni. Kisipozimika, bado hamjapata jibu. Mahali kama hapo huripotiwa kwa shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa) na kwa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, kilichoanzishwa mwaka 1986.

Mwaka huohuo wa 1986, tarehe 21 Agosti, Ziwa Nyos nchini Kameruni lilitoa wingu la gesi hiyohiyo usiku, na watu wapatao 1,700 wakafa pamoja na mifugo yao. Waliofika asubuhi walikuta vijiji kimya, nyumba zimesimama, hakuna kilichobomoka. Ziwa Kivu lina gesi nyingi kuliko Nyos mara nyingi sana. Nalitaja hili kwa sababu mchunguzi wa Goma ambaye hajawahi kusoma kuhusu Nyos hajawa tayari kukesha.

Nyumba nzima inaumwa kichwa, inasikia hatua, inahisi kubanwa kifua

Hapa sababu huwa karibu zaidi, mara nyingi katikati ya chumba: mbabula, yaani jiko la makaa.

Usiku wa mvua Goma ni baridi. Tuko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na nyumba ya mbao huingiza ubaridi kila upande. Watu huziba nyufa kwa magunia, kisha huingiza mbabula ndani. Karibu kila nyumba niliyotembelea wanaamini kwamba makala (makaa) yakishakuwa mekundu, moshi umekwisha na hatari imekwisha. Sivyo. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Ubongo ukinyimwa oksijeni huanza kusikia na kuona visivyokuwepo.

Mwaka 1921, daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia iliyohamia nyumba ya zamani ikaanza kusikia hatua za miguu, kuona watu wasiokuwepo na kuamka na maumivu ya kichwa. Ilikutwa tanuru la kupashia nyumba joto ni bovu, gesi yake inamwagika ndani. Lilipotengenezwa, wageni wa usiku hawakurudi.

Uliza hivi, kila mtu peke yake: Kichwa kinapoa ukitoka nje? Mgeni akilala hapa huamka vipi? Matukio hutokea siku za mbabula tu, au hata siku za joto? Je, kuna jirani anayewasha jenereta ukutani kwenu? Mazuku hukaa chini, lakini gesi ya makala huchanganyika na hewa yote, kwa hiyo kulala juu ya kitanda kirefu hakumsaidii mtu. Majibu yakielekea huko, uchunguzi umeisha: watu watoke nje, milango ifunguliwe, anayetapika au aliyelegea apelekwe kwenye kituo cha afya usiku uleule. Vifaa vidogo vya betri vinavyolia gesi hii inapozidi vipo madukani. Kama una fedha za kununua kifaa kimoja tu katika kazi hii, nunua hicho.

Mtu anaamka hawezi kusogea, na kuna kitu kimemkalia

Jinamizi. Bibi zetu walilijua kabla ya hospitali, na maelezo yao yanalingana sana na ya madaktari. Tunapoota, ubongo huzima misuli ili tusiruke kitandani. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijawashwa. Macho yanaona chumba halisi, mwili umefungwa, na ndoto bado inaendelea juu ya chumba hicho. Hofu hufanya kifua kibane.

Humpata zaidi anayelala chali, aliyekosa usingizi, au anayelala saa zisizo na mpango. Fikiria watu wa Goma tangu vita vya Januari 2025: wangapi wanalala vizuri? Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba "hakuna kitu". Alichokipitia ni halisi, na alikuwa macho. Mwambie alale ubavu, na mwili ukifungwa tena ajaribu kutikisa kidole kimoja tu cha mguu. Wengi huamka hapo.

Kifaa kinawaka taa, au programu ya simu inapanda ghafla

Programu nyingi za "kutafuta mizimu" husoma dira iliyo ndani ya simu. Dira hiyo hupima nguvu ya sumaku, ambayo duniani ni kati ya mikrotesla 25 na 65 hivi. Sasa tazama ukuta wako. Jiwe jeusi la Goma ni basalti, na basalti ina chembe za madini ya chuma zenye sumaku. Sogeza simu kwenye ukuta wa mawe ya lava na namba zitacheza bila mtu wala mzimu. Misumari, mabati na nondo hufanya vivyo hivyo. Vile vifaa vidogo vyenye taa za rangi vinavyouzwa kwa wachunguzi huitikia pia waya za umeme, chaji ya betri, na simu ya mwenzako inapopokea ujumbe.

Dawa yake ni kazi ya mchana inayochosha. Zunguka kila chumba, pima kila ukuta, na weka alama ya chaki penye namba za juu. Usiku simu zote zizimwe isipokuwa inayorekodi. Kinachowaka penye chaki ni jiwe. Na umeme wetu unavyokatika na kurudi, andika saa ya kila kukatika.

Kuna sauti kwenye rekodi ambayo hatukuisikia

Mambo haya yana historia ndefu. Mwaka 1959 Friedrich Jürgenson alikuwa anarekodi ndege nchini Uswidi, akasikia kwenye kanda maneno aliyoamini ni ya wafu. Konstantin Raudive wa Latvia akamfuata na kukusanya maelfu ya rekodi. Wachunguzi bado wanatumia njia yao, na mimi pia hurekodi.

Shida ni kwamba sikio la binadamu limeumbwa kutafuta maneno. Na simu, chumba kikinyamaza, hupandisha yenyewe sauti ndogo hadi mlio wa nyumba ya tatu unasikika kama uko kitandani. Goma tunapakana na Gisenyi ya Rwanda ukuta kwa ukuta. Redio za pande mbili, Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa, Lingala, zote zinapita hewani, na spika ya bei nafuu inaweza kunasa kipande cha mojawapo bila kuwashwa kama redio.

Niliwahi kuhifadhi rekodi kutoka Himbi kwa miezi miwili, nikiamini ni mtoto anaita "mama". Niliwachezea watu watatu bila kuwaambia chochote. Wa kwanza alisikia paka. Wa pili alisikia breki ya pikipiki. Wa tatu aliomba nirudie, kisha akasema ni bawaba. Nilirudi Himbi mchana nikafungua geti la jirani: ilikuwa bawaba. Tangu siku hiyo sichezi rekodi kwa mtu huku nikimwambia atasikia nini. Kila mmoja asikilize peke yake na aandike kwanza. Na wakati wa kurekodi, taja kwa sauti kila kelele yako papo hapo: "nimekohoa mimi", "kiti changu", "mbwa nje". Usipofanya hivyo, baada ya wiki moja hutajua kikohozi ni cha nani.

Picha ina duara za mwanga, au mtu anayepenyeka macho kama kioo

Duara ni vumbi. Mwanga wa kamera hupiga chembe zilizo karibu sana na kioo, nazo hutokea kubwa na angavu. Vumbi la Goma ni jingi na jepesi. Piga mkeka mara tatu mbele ya kamera usiku utengeneze duara zako mwenyewe.

Mtu anayepenyeka hutokana na simu kupiga picha nyingi kwa sekunde kadhaa gizani na kuziunganisha. Mwenzako akipita katikati ya sekunde hizo, hubaki nusu yake. Weka simu kwenye stendi ya miguu mitatu, hesabu waliokuwa chumbani, andika.

Milango inafunguka, dari inagonga, mabati yanatembea

Mabati hupanuka mchana na kusinyaa jua likizama. Milio ya saa moja hadi saa tatu usiku ni yake, na hupungua usiku ukienda. Panya hukimbia na kusimama. Bundi kwenye dari hulia kama mtu anayekwaruzwa koo. Unamjua kwa vinyesi vyeupe na vidonge vya manyoya na mifupa chini ya tundu.

Mlango unaofunguka wenyewe, weka glasi ya maji mezani. Tetemeko dogo lisilosikika miguuni huonekana kwenye uso wa maji. Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 ardhi ilitikisika siku kadhaa mfululizo, mpaka tarehe 27 watu wakaamriwa kuhama sehemu kubwa ya mji, na nyumba nyingi zilizobaki zimepinda kidogo ambako macho hayaoni. Mlango uliopinda hufunguka kwa uzito wake. Weka gololi sakafuni uone inakimbilia wapi.

Mtu anahisi anatazamwa, anaona kivuli pembeni mwa jicho

Vic Tandy, mhandisi wa Uingereza, alihisi hivyo maabarani: jasho baridi, kisha umbo la kijivu pembeni mwa jicho. Kesho yake aliona upanga mwembamba wa mchezo, uliobanwa mezani, ukitetemeka wenyewe. Alitafuta mpaka akapata feni iliyotoa sauti ya chini isiyosikika, kama mitikisiko 19 kwa sekunde. Alichapisha habari hizo mwaka 1998. Kwamba sauti hiyo ndiyo iliyomletea umbo bado ni dhana, na majaribio ya baadaye hayakuipa nguvu sana. Lakini volkano nazo hutoa sauti za chini namna hiyo, na jenereta kubwa pia. Kwa hiyo zima kila injini unayoweza, subiri nusu saa, uliza tena anahisi nini.

Chumba kinakuwa chekundu usiku

Fungua dirisha la kaskazini. Ziwa la lava likiwa juu, mawingu hushika wekundu wake. Wageni wapya mjini hushtuka. Wazee wengine husimulia kwamba kwenye moto ule ndiko wanakokwenda wafu wabaya, na wazuri huenda kwenye mlima Karisimbi penye baridi. Sikiliza simulizi hiyo kwa heshima, iandike, kisha andika pia rangi ya mawingu.

Hakuna kinachotokea

Usiku mwingi ni hivyo. Andika saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na "hakuna". Daftari lisilo na kurasa hizo silichukulii kwa uzito, kwa sababu bila kujua nyumba inavyokuwa ikitulia, huwezi kusema lini imeacha kutulia. Usijaze pengo kwa kumchokoza mfu kwa matusi kama wafanyavyo kwenye video. Ni wafu wa watu, na wenye nyumba wanasikia.

Magofu nayaacha. Kwenye majengo yaliyohamwa kunaweza kubaki mabomu ambayo hayakulipuka, na watu wenye silaha hawapendi kuona taa zikitembea gizani. Nenda ulikoitwa, mkiwa wawili au zaidi, shefu wa avenyu akiwa na habari, na mkae hadi asubuhi badala ya kurudi njiani usiku.

Sababu zote zimeondolewa, na bado kuna kitu

Hutokea mara chache. Kwenye mtaa wa Majengo kuna nyumba ya mbao ambako kitu hugonga ukuta wa chumba cha nyuma, mara tatu, kwa mwendo uleule. Tulilala pale usiku saba. Glasi ya maji haikutikisika. Panya hakuna, dari iko wazi. Jirani wa upande huo alihama, nyumba yake imefungwa na ufunguo tulikuwa nao sisi. Nilikaa ndani ya nyumba hiyo tupu usiku mmoja huku mwenzangu yuko upande wa pili, na sote wawili tulisikia, kila mmoja akadhani inatoka kwa mwenzake.

Kwenye daftari nimeandika: milio mitatu, saa tisa na dakika kumi usiku, usiku nne kati ya saba, sababu haijapatikana. Mama wa nyumba aliomba kuusoma ukurasa huo mwenyewe. Alipomaliza aliniuliza kama watoto wanaweza kuendelea kulala kwenye chumba kile. Hewa tulishaipima kila usiku, mbabula tumeihamishia nje, nyumba haiko bondeni. Nikamwambia ndiyo, mama, walale.